Dabao Kubwa

Guangzhou kuna neno ambalo kila mfanyabiashara wa kwetu analijua hata kama hajui kusalimia: dabao. Kule soko la nguo la Shisanhang, ukishachagua nguo zako, unamwambia muuzaji dabao, naye anazishindilia kwenye kiroba na kukaza kamba, tayari kwa safari. Ukienda kula na chakula kikakushinda, unasema dabao vilevile, unafungiwa ubebe.

Mimi nilikuwa mtu wa dabao ya chakula. Kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, watu wa kwetu waliokuja kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou waliagiza kwa macho: samaki mzima, kuku, wali wa kulisha ukoo, halafu wanaonja na kukimbilia viwandani. Siku ya kwanza nilipomwona laoban, yaani bosi wa pale, akimimina sinia zima la wali kwenye ndoo ya taka, damu ilinichemka. Nilimgombeza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kichina, na sijui vipi tukaelewana. Tangu hapo aliniwekea chakula ambacho hakikuguswa, nami nikakipeleka kwa wenzetu waliokwama, wenye viza zilizokwisha, wasiotoka nje kwa kuogopa polisi.

Mmoja wao alikuwa Mkongo wa Bukavu. Alikuwa kuli kwenye ghala la kusafirisha mizigo mpaka maradhi ya ini yalipomlaza. Dawa zake zilitaka tumbo lenye kitu, na chakula changu ndicho alichokitegemea. Yeye mwenyewe alitaka jambo moja tu: kurudi kwao akafe mama yake akimwona. Alilisema waziwazi, bila kutafuta huruma ya mtu. Kikundi chetu cha maombi kilimwahidi tiketi, kwa nyimbo na makofi, kisha kila mtu akarudi kwenye mizigo yake.

Maonyesho yakaisha, wateja wakaruka makwao. Laoban akaniambia nisije tena. "Meiyou," alisema. Hakuna. Hakunionea, maana pasipo walaji hapana mabaki, lakini nilikasirika hivyohivyo kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Siku hiyo ya mwisho alinijazia mifuko mpaka mikono ikauma. Nikampigia simu yule anayeishi chumba kimoja na mgonjwa, kuli mwenzake wa ghala lilelile.

"Mwambie leo nakuja na dabao kubwa," nilisema kwa utani. "Ajiandae!"

Nilimkuta mgonjwa ameketi kitandani, kavaa shati lake la kanisani. Miguu ilikuwa imevimba, kwa hiyo viatu alikuwa amevikanyaga visigino. Shuka lilikunjwa. Begi lilifungwa na kuwekwa mlangoni, na mwenzake amesimama pembeni, meno yote nje.

"Dada, Mungu akubariki," mgonjwa akasema. "Avion iko saa ngapi?"

Sikuelewa ndege imetoka wapi. Nikamgeukia mwenzake.

"Si ulisema dabao?" akaniuliza.

Ndipo akanieleza kwamba kule ghalani, mtu akipata njia ya kurudi kwao, makuli husema amefanyiwa dabao: amefungwa, anasafirishwa. Alipokuwa akieleza, macho yake yalishuka hadi kwenye mifuko niliyoshika, ikinukia samaki.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaambia ukweli wote, kwamba tiketi haipo, kwamba hiki ni chakula tu, na kwamba ni cha mwisho. Mgonjwa hakulia. Laiti angelia, au angenitukana, ningejua la kufanya. Alifumba macho akakiombea kile chakula kwa muda mrefu, akamtaja laoban, akanitaja mimi, akakitaja hata kikundi cha maombi, ambacho mimi ningekiruka. Akala samaki kidogo na wali kidogo kwa adabu ya mgeni, akameza dawa, akafunika vizuri kilichobaki.

Kisha akaniuliza taratibu, "Sasa, dada, begi nilifungue?"

Mwenzake ndiye aliyeinama, akalivuta begi, akaanza kutoa nguo mojamoja na kuzirudisha msumarini.