Moshi wa Mchana wa Ramadhani

Hasira hii nimeitunza miaka mingi na haijapoa.

Mvua ilikuwa imekata barabara hapa Somanga, mabasi yamekwama pande zote mbili, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Adhuhuri mama alirudi nyumbani na mzee mmoja abiria asiyemjua, anatetemeka, kanzu imelowa jasho. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na bado akafunga, sasa sukari ilikuwa imemshuka. Mimi, mjuaji, nikasema tungoje magharibi. Mama aliniangalia mpaka nikaenda mwenyewe kuwasha moto.

Tulimpa chai yenye sukari nyingi, kisha uji. Alikunywa huku machozi yakimtoka.

"Mwanangu," alimwambia mama, "watu wasijue. Umri huu nionekane nakula mchana?"

Mama akafunga mlango. Lakini moshi haufungiwi ndani. Jirani yetu, mwanamke ambaye pua yake haijawahi kufunga hata siku moja, akapiga hodi uani.

"Mnapika saa nane hii? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna," mama alijibu. "Nimepika tu."

Barabara ilipopitika mzee aliondoka. Mama hakumuuliza hata jina.

Sasa, kwetu kila magharibi nyumba hupelekeana sahani za futari. Jioni ile nilipeleka kwa jirani magimbi ya nazi. Sahani ikarudi na kawa lake juu, haijaguswa. Ya kwake haikuja. Kesho yake nyumba ya pili ikafanya vivyo hivyo, kisha ya tatu, na hao ndio waliokuwa wakipita kando ya mabasi yale bila kumpa mtu hata kikombe cha maji. Mama alipika kila siku, akanituma kila siku, na kila siku tukala wenyewe kilichorudishwa.

Nilimwambia niende nikawaeleze.

"Yule mzee katuomba kitu kimoja tu," akasema. "Usiende."

Mwaka huu tumemzika mama. Siku ya hitima jirani alinishika mkono mbele ya watu, akasema kwa huruma, "Mwanangu, ile Ramadhani mimi nilishamsamehe mama yako." Wanawake wakaitikia amina.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, la miaka yote ile. Sahani yake ilikuwa tupu, nikamwongezea wali.