Nilivyoweka Linux kwenye laptop kuukuu ya depo ili mwenye nyumba wangu aone mazishi ya mama yake Goma

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu nina swali la ufundi, na swali lenyewe halieleweki bila habari yake, kwa hiyo nivumilieni.

Sitatia chumvi. Nisichokijua nitasema sikijui.

Kiswahili changu ni cha huku Katanga, nimejaribu kukinyoosha. Mkikuta kimepinda, songeni mbele.

Kazi yangu ni declarant, yaani nashughulikia makaratasi ya forodha ya malori pale mpakani Kasumbalesa. Kompyuta ni ugonjwa nilioupata nikisubiri foleni za malori. Wikiendi narudi mjini, mtaa wa Makomeno, ambako nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Kavira.

Mama Kavira ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, ana depo yake ya kuuza maharage kwa jumla. Ni mjane, ana sauti kubwa, na kodi ikichelewa hata paka wa jirani anajua. Lakini mke wangu alipojifungua, mama huyo ndiye aliyempeleka hospitali, mimi nikiwa nimekwama mpakani. Kwa hiyo nikisema namheshimu, namheshimu kweli.

Sasa, vita vilipofika Goma na mji ukabadilisha mikono, mama yake mzazi alikuwa huko. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, simu leo inaita kesho haiiti. Bibi alikuwa na presha. Dawa zikakatika, akafariki.

Hakufa kwa risasi. Huku mtu akisikia umefiwa Goma, swali la kwanza ni risasi au bomu. Watu bado wanakufa kwa magonjwa, wakuu, hasa wakati huo.

Kwenda kuzika ikawa haiwezekani. Ndege hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa kutokea Kasumbalesa, uivuke Zambia, uivuke Tanzania, uingie Rwanda, ndipo ufike Goma. Njia hiyo naijua kwenye makaratasi yangu, si ya kuwahi maiti. Na kule chumba cha maiti hakikuwa na umeme, ndugu wakaamua kuzika upesi.

Hapo ndipo penye shida. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo kaburini. Kabla yake hakuna anayegusa koleo. Mtoto wa kwanza ni Mama Kavira.

Mdogo wake, Kambale, alipiga simu kutoka Goma. Akasema wameruhusiwa watu wachache makaburini, na muda mfupi. Watafungua video call, dada yao aanze kwa video, wao wafuate. Akichelewa, watazika bila yeye.

Mtauliza kwa nini asitumie simu. Simu zilikuwepo tele, uani palishajaa watu wa matanga. Ila Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kioo cha simu kwake ni mwanga tu. TV yake ni ile yenye kisogo, haina pa kuchomeka kitu. Laptop yangu ya kazi hulala ofisini Kasumbalesa, na bosi haruhusu itoke.

Jumapili baada ya misa akaja mlangoni kwangu mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Papa Nathan, minasikia weye unajua mambo ya mashine. Ile ya depo iko na kioo kikubwa. Fanya minaona mama."

Nathan ni mwanangu. Nikamjibu nitajaribu. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi.

Nikaletewa mashine. Kioo inchi 17, kikubwa kweli. Sifa zake zinaishia hapo. RAM 2GB, Windows 7, disk ya kuzunguka, betri imekufa siku nyingi, ukigusa waya wa chaji inazimika. Vumbi la maharage kila mahali.

Nikaiwasha, nikaenda kuoga, nikarudi, bado inasema Welcome.

Link ya Kambale ikagoma kabisa. Browser ilikuwa ya enzi hizo, na ile mpya haikubali tena Windows hiyo. Hapo nikajua dawa ni moja, kung'oa kila kitu na kuweka Linux nyepesi. Sitaitaja ni ipi, maana nawajua, comment hamsini zitakuwa ugomvi wa distro na swali langu litazikwa humo.

Najua pia mtasema ongeza RAM, weka SSD. Ilikuwa Jumapili, mjini maduka yamefungwa, na hata yangekuwa wazi muuzaji angeniuliza RAM ya aina hiyo niliichimba wapi.

Processor ilikuwa 64-bit, afadhali. Nikadownload ISO kwa bando la simu, nikahamisha faili za depo kwenye external ya jirani, nikatengeneza flash ya kubootia. Uzi nilioufuata ni wa humu humu, wa mkuu mmoja wa Mbeya kama sikosei, una picha kila hatua. Mimi nikawa nafuata picha tu. Picha inasema Next, nami Next.

Install ikafika katikati, umeme ukakatika.

Betri hakuna, mashine ikazimika kama imepigwa. Nikashika kichwa. Windows imeshafutika, Linux haijaingia, yaani nina bati lenye kioo. Kule uani akina mama wanaimba nyimbo za msiba, na kila baada ya muda mmoja anachungulia kuuliza kama Mama ataona. Nikawa najibu ataona. Sijui nilikuwa nimeegemea nini.

Wanaume wa kanisa lao wakaleta jenereta. Nikaanza upya, safari hii nikiwa nimekaa juu ya waya wa chaji ili mtu asiukanyage. Jioni ikamaliza. Ikaboot haraka hadi nikaona haya kwa yale niliyoitukana. Nikalala nikiwa na amani.

Asubuhi nikampigia bosi kwamba nina msiba, siji. Tukaweka laptop uani juu ya meza, waya kwenye jenereta, Mama mbele kwenye kiti, watu nyuma yake. Nikawasha hotspot ya simu yangu. Laptop ikaiona. Password yangu ni makomeno, herufi ndogo, hata Nathan anaijua. Nikaandika, Enter.

Ikakataa.

Nikarudia. Ikakataa. Nikazima hotspot, nikawasha, ikakataa. Nikasema basi ni driver ya wifi, kimenuka. Nikatafuta waya wa USB, ule wa chaji niliokuwa nao haupitishi data. Jasho likanitoka na huku asubuhi ilikuwa ya baridi.

Simu ya jirani ikaita. Ni Kambale. Wameshafika makaburini, jeneza liko chini, walinzi wa makaburi wanaangalia saa. Mama akauliza kwa sauti yake ile kubwa kama tuko tayari. Nikamwambia bado kidogo, Mama.

Hakunigombeza. Akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Heri angenigombeza.

Nikaandika tena password, na badala ya Enter nikabonyeza kile kijicho cha kuonyesha herufi. Nikaona hivi:

;qko;eno

Ninyi wa Bongo hamuwezi kukutwa na hili, ndiyo maana uzi wa yule mkuu haukulitaja. Kibodi zetu huku ni za Kifaransa, AZERTY. A iko pale penye Q yenu, M iko pale penye nukta-mkato. Picha zake zilionyesha English US, nami nikabonyeza Next kama kondoo. Password huwa ni vidoti, kwa hiyo ningeweza kukaa pale nikiandika makomeno hadi Krismasi.

Nikabadilisha layout kuwa French. Password ikakubali. Link ikafunguka. Kamera ikauliza ruhusa, nikaipa.

Kambale akajaa kwenye kioo, nyuma yake ule udongo mweusi wa volkano wa kule kwao. Picha ilikuwa inakatika katika lakini ilikuwa kubwa. Mama akasimama, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Hapo alikuwa anaona. Alisema anaona.

Kambale akasema, "Yaya, tunakungojea weye." Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa.

Mimi nilidhani Mama atasema neno, au sala, halafu Kambale atupe kwa niaba yake. Nadhani hata Kambale alidhani hivyo.

Mama akainama. Akazoa udongo pale pale chini ya kiti chake, udongo wetu mwekundu wa Katanga pamoja na vijiwe vyake, akaunyanyua na kuutupa kaburini.

Yaani kwenye laptop.

Ukapiga kioo, ukaanguka wote juu ya kibodi. Akasema, "Mama, enda muzuri." Ndipo Kambale akatupa wa kwake, na wengine wakafuata, na sisi tukawa tunasikia koleo kwenye spika za laptop.

Niwe mkweli kama nilivyoahidi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kibodi. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikauona mkono wake bado uko juu, umefunguka, na ule wekundu kwenye vidole, nikaufunga mdomo. Nililia, wakuu. Yule bibi sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Mtandao ukakata kabla hawajamaliza kufukia. Mama akasema inatosha, ameona.

Kwa ndugu zangu wa Kongo, Burundi na popote mnapotumia kibodi za Kifaransa, somo ni hili: kabla ya kubonyeza Next kwenye layout, kuna kisanduku cha kujaribia. Andika jina lako humo ulitazame. Na kwa mnaoandika nyuzi za mafunzo, asanteni sana, ila kumbukeni si kila msomaji wenu yuko Dar. Mashine yenyewe mpaka leo inaruka vizuri, 2GB hiyo hiyo, depo wanaitumia na kibodi ya USB.

Sasa swali.

Matanga yalipokwisha nilichukua laptop niisafishe. Nikaigeuza kichwa chini nianze kuipigapiga. Mama akanishika mkono.

"Hapana, usimwange. Ule udongo haukufika."

Anautaka wote. Njia ikifunguka ataubeba mwenyewe hadi Goma, akautupe pale unapotakiwa. Nilimwambia Makomeno nzima ni udongo huo huo, akaniangalia tu, nikairudisha laptop mezani.

Kwa hiyo, kwa aliyewahi kufungua kibodi za laptop hizi za zamani za inchi 17, zile ambazo vibonye vinachomoka kimoja kimoja: naanzia wapi ili udongo utoke wote, hata ule ulioingia chini ya vibonye, uangukie kwenye karatasi bila kupotea? Blower msiniambie. Brashi ya kufagia nje pia hapana.

Nawasikiliza.