Mzee wa Gazeti

Kila Jumapili saa nne asubuhi, wenye nafasi zao wakiwa ndiyo kwanza wanapiga miayo, fundi saa alikuwa ameshavaa koti lake la harusi, ameshachana nywele tatu alizobakiza, na ameshaingia kwenye hoteli ambayo hajawahi kuikanyaga. Anachagua meza inayotazamana na dirisha la jikoni, lile la kupitishia sahani. Akiletewa orodha ya vyakula yenye picha, anaifunga bila kuifungua vizuri.

"Maharage, mkate na chai ya rangi, mwanangu."

Hata katika ile migahawa mipya yenye mito kwenye viti na ua moja ndani ya chupa, ambako watu huja kunywa chai ya asubuhi karibu na adhuhuri na kuyapiga picha mayai kabla ya kuyala, yeye ni maharage tu. Wakisema hawana, anaomba radhi na kuondoka zake.

Msimdhanie ulafi. Alikuwa anamtafuta binti yake.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Siku ya nne ya ndoa yao, mkewe alichanganya mabirika. Badala ya maji ya moto, akamimina chai ya rangi iliyokolea kwenye sufuria ya maharage. Alipogundua alikaa chini akalia. Bwana harusi akaonja, akasema hajawahi kula kitu kitamu namna ile, na ajabu ni kwamba hakuwa anambembeleza, alikuwa anasema kweli. Tangu siku hiyo maharage ya nyumba ile yakawa ya chai. Ukiyala, mwanzoni huoni tofauti, ila ukishameza unabaki na ukakasi kwa mbali, juu ya ulimi. Binti alifundishwa na mama yake akiwa na miaka tisa, na wakaapishana kwamba ni siri ya nyumbani.

Kisha mama akafariki. Binti, miaka ishirini, akashika jiko. Na fundi wetu, ambaye kwa wateja alikuwa mpole hata ukimletea saa iliyoangukia kwenye uji, nyumbani akageuka pilipili. Kila akiandaliwa anaonja kijiko kimoja, anatikisa kichwa, anaisukuma sahani katikati ya meza. Neno hatoi. Miezi minane ya hivyo, jamani! Siku alipotoa neno, heri angenyamaza.

"Mama yako hakupika hivi."

Uongo mtupu. Maharage yalikuwa yale yale, ukakasi ule ule, na ndiyo sababu hayakupita kooni: kila kijiko kilimkumbusha aliyemzika. Lakini mtu mzima na kiburi chake ataanzia wapi kumweleza mtoto jambo kama hilo? Binti akafunga virago. Mlangoni akasema, "Basi, baba, tafuta atakayekupikia." Imepita miaka sita.

Dada yake fundi, shangazi wa binti, ndiye pekee aliyekuwa akipigiwa simu. Mwaka jana huruma ikamzidi.

"Anapika hotelini, mjini humu humu," alimwambia kaka yake. "Ipi, kaniapisha nisiseme. Na usithubutu kwenda kuulizia milangoni. Kasema siku akisikia unamuulizia, anahama."

"Sitauliza," fundi akasema. "Nitaonja."

Dada yake alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini fundi alikuwa ameshapanga. Siku atakayoupata ukakasi ule hataita mtu wala hatapiga kelele. Atakula taratibu, atafuta sahani kwa mkate mpaka ing'ae, ataipeleka mwenyewe pale dirishani. Binti akiiona sahani tupu mkononi mwa baba yake ataelewa. Msamaha mwingine hakuwa nao, na kusema kweli hakujua kuuomba kwa mdomo.

Basi akaanza. Alinunua daftari dogo. Kila hoteli anaandika mtaa ilipo, halafu penseli inaeleza: "Chumvi nyingi. Siyo." "Nyanya mbichi. Siyo." Pale anapokuwa na shaka na rangi ya mchuzi, anatoa mfukoni kile kioo cha fundi saa, anakibana jichoni, anainamia sahani kuchunguza. Kisha anaonja, anatikisa kichwa na kuisukuma sahani. Hata hakujua kwamba mkono bado una ile tabia.

Kitu kimoja kilimfurahisha: adabu. Alikuwa amejiandaa kudharauliwa na vijana wa mjini, lakini kila alikoingia wahudumu walifuta meza mara mbili na kumletea kitambaa cha mikono kilichokunjwa. Mmoja alitetemeka mpaka chai ikamwagika. Fundi akadhani ni heshima ya mvi, akawa anawaombea baraka.

Jumapili ya arobaini na moja aliingia kwenye mgahawa mmoja ulio juu ya duka la vitambaa. Mhudumu alikuwa mtu mzima kidogo, mnene, ambaye wenzake walimwita Spidi kwa sababu hakuwa nayo. Alisimama akimkodolea macho mgeni kama aliyeonana na jamaa yake.

"Shikamoo, mzee. Leo umetufikia na sisi!"

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi ulinikuta hoteli ya kona, kule nyuma ya stendi. Wewe si mzee wa gazeti?"

"Gazeti gani?"

Spidi akacheka, akainama kumnong'oneza. "Mzee, mimi usinifiche. Mji mzima tunakujua. Koti, daftari, kile kioo chako cha jichoni. Unazunguka mahoteli unaonja, halafu unakwenda kuandika gazetini. Ukionekana tu unapandisha mtaa, simu zinalia: jamani, kaelekea kwenu!"

"Mimi ni fundi saa."

"Haya, mzee. Fundi saa."

Fundi aliitua penseli mezani. "Simu zikishalia, kinafuata nini?"

"Kinafuata nini tena! Bosi anaingia jikoni mwenyewe. Asiyejua kupika anaazima mpishi wa hoteli kubwa. Hawa wapishi wetu wa kila siku tunawaweka pembeni kwanza. Mtu kama wewe tutakubahatishia?"

Fundi akapiga hesabu. Hoteli arobaini. Ukiacha zile chache za mwanzo, alikuwa amekula kwa mikono ya mabosi na wapishi wa kuazima, na wale waliokuwa wakipika kila siku hakuwaonja hata mmoja.

"Na pale kwenye kona?" aliuliza. "Nako mlimweka mtu pembeni?"

"Pale ndiyo usiseme! Tulikuwa na mpishi mmoja, dada mpole, anapika maharage we acha tu. Unajua anaweka nini? Chai ya rangi! Tulimcheka mpaka tulipoonja. Watu walikuwa wanapanga foleni. Sasa bosi akaona aibu, maharage ya chai atamwekea vipi mtu wa gazeti? Akamwambia leo pumzika, nitapika mimi."

"Akakasirika?"

"Wala. Akasema ngoja nimwone huyo mkubwa anayetutoa jikoni. Akachungulia dirishani, wakati umeinamia sahani na kioo chako. Ndiyo wewe ukaonja kijiko kimoja, ukatikisa kichwa, ukaisukuma sahani. Mzee, yule dada alivua aproni pale pale. Nikamwambia, dada, unaumia nini, si chakula cha bosi hicho? Akaniambia, 'Kumbe siku hizi wanamlipa kwa kazi hiyo.' Akachukua mkoba wake. Hatukumwona tena. Chumba alichopanga alirudisha ufunguo jioni ile ile, na ile namba yake haipatikani."

Fundi alifungua daftari. Hoteli ya kona ilikuwa ya kumi na mbili. Aliikuta kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mafuta mengi. Siyo." Ilikuwa miezi saba nyuma. Akakumbuka dada yake akilalamika, miezi hiyo hiyo, kwamba mtoto hampigii simu tena, na yeye akijibu kwamba labda kazi zimembana. Baada ya ukurasa ule alikuwa amezunguka hoteli ishirini na nane akimtafuta mtu aliyeshauhama mji kwa sababu yake.

"Alikuwa ndugu yako?" Spidi aliuliza, akiwa amepunguza kicheko.

Fundi alifunga daftari. Sahani ilikuwa imeshafika, imepambwa kwa jani la kijani juu, na bosi mwenyewe ndiye aliyeileta, kifua mbele. Kwenye dirisha la jikoni vichwa viwili vilikuwa vinachungulia. Kimoja kilikuwa cha mwanamke, kitambaa kichwani, mikono imekunjwa kama ya mtu aliyeambiwa akae pembeni. Hakuwa binti yake. Lakini alikuwa anamtazama mkono.

Fundi akachukua kijiko. Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha na hayakuwa na kitu kingine. Akala. Akaongeza, akala, akamega mkate akafuta mchuzi wote mpaka sahani ikang'aa, machozi yakimshuka kwenye kola ya lile koti, wala hakuyafuta. Jikoni mtu akapiga makofi. Akanyanyuka na sahani tupu, akaenda nayo mpaka dirishani, akaiweka mbele ya yule mwanamke.

Bosi alimfuata mbio, meno yote nje. "Mzee, umemaliza! Na watu wanasema hujawahi kumaliza chakula cha mtu!"

"Sijawahi," fundi akasema.