Kamera Isiyolia

Mpiga picha huyu shingo yake imepinda kama mpini wa jembe la urithi. Mwenye kosa ni kamera yake ya zamani, dude zito lenye kioo tumboni kinachojipigiza kila picha: kacha! Mkewe amemnunulia mpya isiyo na kioo hicho cha kujipigiza, nyepesi kama ahadi ya shemeji. "Harusi ya mdogo wangu uchague moja," amemwambia. "Mimi kukukanda shingo nimechoka." Lakini bwana huyu kuchagua hajui. Hulamba kidole gumba, hufuta lenzi kwa ncha ya shati, na harusini anafika na kamera zote mbili, moja kila bega, kama punda wa sokoni.

Anaanza na mpya. Wakwe wamejipanga, wametabasamu, wamebana matumbo. Anabonyeza. Kimya. Anabonyeza tena. Hakuna anayepumua, wote wanaingoja kacha. Mama mkwe, aliyebana kuliko wote, macho yanamtoka.

"Mwanangu, piga basi, nakata roho!"

"Nimeshapiga, mama."

"Umepiga nini? Mbona haijalia? Hebu lete ile nzima!"

Ukumbi unaangua kicheko. Anaigusa ya zamani, na shingo inalalamika hata kabla hajaiinua. Basi anairudia mpya, analamba kidole, anabonyeza, na kwa ulimi wake mwenyewe anapiga: "Kacha!"

Matumbo yote yanaachiwa kwa pamoja.

"Sasa hiyo ndiyo kamera," anasema mama mkwe.

Keki inapokatwa, shingo haimuumi hata kidogo. Kinachomuuma ni ulimi.