Risiti za Yakobo

Katika nyumba ya Nkwabi huko Mabatini, Mwanza, fundi mwenye karakana ya mageti na madirisha ya chuma pale Nyakato, kila kitu kilikuwa na jina lake. Mita ya umeme ilikuwa ya Nkwabi, mita ya maji ya Nkwabi, na laini za simu za mama yake, za mkewe na za mdogo wake zilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Hakuna aliyeona ajabu. Baba yao alipofariki, Nkwabi ndiye aliyebaki mkubwa, na mkubwa ndiye hutoa jina.

Kwa hiyo Yakobo, mdogo wake, alipotaka kufungua akaunti katika duka la mtandaoni linalouza michezo ya kompyuta, naye akiwa bado kidato cha tatu, alimfuata kaka yake karakana. Duka lilitaka mtu mzima mwenye barua pepe. Nkwabi alikuwa nayo, ya kupokelea kazi za wateja. Alivua miwani ya kuchomelea, akamtajia anwani herufi kwa herufi, akarudi kwenye cheche zake. Duka hilo halina mlango wala kaunta. Mteja huchagua mchezo kwenye kioo cha kompyuta na kulipa huko huko, kisha risiti hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa.

Mwaka uliofuata Yakobo alifeli mtihani wa kidato cha nne. Nkwabi aliilaumu kompyuta. Aliifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni, na kutangaza kwamba anayeitaka aje kumwomba kwa adabu. Aliamini kijana angekuja kabla ya Jumapili. Yakobo hakuja. Aliondoka na begi moja, akaitupa ile laini yenye jina la kaka yake, na kwa miaka mingi nyumba ile ya Mabatini haikuisikia sauti yake.

Ila risiti zilianza kuja.

Ya kwanza ilipoingia, Nkwabi alidhani ni matapeli. Kisha akaona jina la akaunti, lile lile alilolichagua Yakobo, na chini yake jina la mchezo, tarehe na mji wa mnunuzi. Mji ulikuwa Mtwara, upande mwingine kabisa wa nchi. Nkwabi aliketi juu ya geti ambalo halijakwisha, akaisoma upya. Mdogo wake alikuwa hai. Alikuwa na kazi ya kumpatia riziki, na bado alipenda mpira wa kwenye kompyuta.

Aliliandikia duka kuomba namba ya simu ya ndugu yake. Lilimjibu kwa heshima kwamba taarifa za mteja hupewa mteja mwenyewe tu, hata anayeuliza awe ndugu wa tumbo moja. Hivyo mlango wa mbele ulikuwa umefungwa vizuri. Risiti ziliendelea kupita mlango wa nyuma, ule ambao Nkwabi mwenyewe aliufungua siku ile karakana, na ambao Yakobo, ni dhahiri, alikuwa ameusahau.

Mama yao, Kashindye, alikuwa mkulima wa Misungwi kabla maumivu ya miguu hayajamleta mjini kwa mwanawe. Jioni alipenda kukaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo ziwa huonekana kipande kidogo kati ya mapaa ya bati. Huko ndiko Nkwabi alikomsomea risiti.

"Ameandika?" mama aliuliza kila alipoiona simu mkononi mwa mwanawe.

"Ameandika, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Amenunua mchezo wa kulima."

Mama alinyoosha mgongo. "Analima?"

"Kwenye kompyuta. Kuna trekta, kuna shamba. Na hapa, kaongeza ng'ombe wa maziwa."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Mtoto wa Msukuma, ng'ombe mmoja! Majirani zake wanamwonaje?" Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga, na baada ya kicheko macho yale hayakukauka upesi. "Mwambie aongeze," alisema.

Nkwabi aliirudisha simu mfukoni. Angeweza kumtafuta Yakobo kwa kupitia duka hilo hilo, maana wateja wake huandikiana. Lakini aliogopa. Yakobo akijua kwamba risiti zinasomwa Mwanza, angebadilisha anwani, na mama angebaki na jiwe lake na kipande cha ziwa.

Mkewe, Evelina, hakuupenda mpango huo.

"Baba Sabina, Yakobo anajua kwamba unamsoma?"

"Hajui."

"Basi hajamwandikia mtu. Wewe unamchungulia."

"Anwani ni yangu, Evelina."

"Anwani ni yako, manunuzi ni yake. Je, wewe ungependa mwenye duka atangaze mtaani kila unachonunua?"

"Inategemea nimenunua nini."

Evelina alicheka bila kutaka, akamnyooshea kidole. "Umeona? Umejijibu."

Mambo yalikaa hivyo hadi mwezi wa masika uliopita, ujumbe wa aina nyingine ulipoingia. Duka lilieleza kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kompyuta ambayo halijawahi kuiona, likamtaka mwenye anwani athibitishe. Chini kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha ndiyo na kingine cha hapana. Akibonyeza hapana, akaunti ingefungwa pamoja na michezo yote iliyolipiwa, na isingefunguliwa mpaka mwenye anwani atoe idhini.

Nkwabi aliusoma kwa sauti pale kwenye jiwe. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Akifungiwa, atamtafuta nani?"

"Atanitafuta mimi."

"Bonyeza hapana."

"Mayu."

"Bonyeza, baba. Ng'ombe anayechelewa malishoni humfuati porini. Unamfunga ndama zizini, yeye anarudi mwenyewe, tena anakimbia." Aliushika mkono wa mwanawe wenye simu. "Mimi sina masika mengi mbele. Nataka nimwone."

Kidole cha Nkwabi kilikuwa tayari juu ya kioo. Kijana alikuwa amehangaika huko aliko, akajinunulia kompyuta nyingine, na sasa kaka yake angeweza kuifunga hii pia, kutoka Mabatini, bila hata kuhitaji kabati.

"Nilishamfunga ndama mara moja, mayu," alisema. "Hakurudi."

Alibonyeza ndiyo. Mama aliuachia mkono wake, akageuka kuliangalia ziwa.

Siku chache baadaye, Nkwabi alifungua akaunti yake mwenyewe, tupu, isiyo na mchezo hata mmoja, akamwandikia Yakobo kupitia humo. Evelina ndiye aliyemsaidia kufupisha, kwa kuwa barua ya kwanza ilijaa maelezo ya mtu anayejitetea. Iliyobaki ilisomeka hivi: "Yakobo, mimi ni Nkwabi. Risiti zako zote zinakuja kwangu. Nimeona unachonunua na mji ulipo. Nilipaswa kukuambia zamani. Weka anwani yako. Mama ni mzima."

Jibu lilichelewa. Lilipofika halikuwa na salamu. "Nabadilisha Jumamosi jioni. Duka litatuma namba ya uthibitisho kwako, inaisha muda haraka. Nitapiga unisomee. Laini yako ni ileile?"

Jumamosi Nkwabi alifunga karakana mapema. Simu ilipoita akiwa na mama kwenye jiwe, namba ya mpigaji ilikuwa imefichwa, akaipokea kwa kipaza sauti.

"Kaka, shikamoo."

Sauti ilikuwa imekuwa nzito, sauti ya mwanamume. "Marahaba," alisema Nkwabi.

"Namba imeingia?"

"Imeingia. Nne, saba..."

Mama alikwisha kuichukua simu. "Yakobo! Yule ng'ombe amezaa?"

"Ng'ombe gani, mama?"

"Wa maziwa. Uliyemnunua."

"Mama, yule ni wa kwenye gemu."

"Najua ni wa gemu, usinifundishe. Amezaa?"

Yakobo alianza kucheka, na kicheko kikabadilika katikati. "Amezaa, mama. Wako tisa sasa."

"Hapo sawa. Unakula? Unakaa na nani huko... huko uliko?" Alikuwa amemwona Nkwabi akitikisa kichwa.

"Kaka anajua niliko."

"Nilijua," Nkwabi alisema kwa sauti ili asikike. "Kuanzia leo sitajua, mpaka utakapotaka mwenyewe."

Muda wa namba ulikuwa umekwisha. Ilibidi duka litume nyingine, na wakati wa kuisubiri mama alieleza habari za Misungwi, nani kaoa na mto upi umefurika. Namba mpya ilipoingia Nkwabi aliisoma polepole kuliko ilivyohitajika, na Yakobo hakumharakisha.

"Imekubali," Yakobo alisema.

"Zile za zamani nizifute?"

"Zifute." Kisha akauliza, "Kwani mama alikuwa anasomewa?"

"Zote. Hapa nyuma, kwenye jiwe."

Ziwa lilikuwa limeanza kupoteza rangi. Nkwabi alisikia pumzi ya mdogo wake, na mbali nyuma yake jogoo wa mtu mwingine, katika mji mwingine.

"Basi mwachie ile ya ng'ombe," Yakobo alisema. "Nyingine futa. Kaka, usiku mwema."

Nkwabi alifuta risiti moja baada ya nyingine kama alivyoagizwa. Tangu hapo hakuna iliyoingia, na simu haijaita tena kwa namba iliyofichwa. Jioni mama huketi mahali pake, huuliza kama Yakobo ameandika, naye Nkwabi humwambia ukweli, kwamba bado.

"Haya," mama husema, akijisogeza ili ampe nafasi juu ya jiwe. "Nisomee ile tuliyopewa."