Mbwa Wangu Amepewa Mwingine

Niliporudi kazini baada ya kujifungua, nilikuta kampuni yetu ya ulinzi imempa mbwa wangu mwenzangu mmoja, mkazi wa mtaa wa Bagira. Mimi ndiye niliyemfundisha kunusa vilipuzi, tangu akiwa mdogo.

Asubuhi hiyo shefu, mkuu wetu wa kazi, alinituma nifiche vikopo vya mazoezi ndani ya depo, ghala ya kampuni. Havina baruti, vina kitambaa kilichoshika harufu yake tu, kwa hiyo hata ukikiangusha kimoja hakilipuki. Nilivaa glavu ili visishike harufu yangu, nikaficha kimoja juu kabisa, nyuma ya magunia ya saruji. Nilitaka mwenzangu ashindwe.

Mbwa aliingia akanipita bila kusimama. Alinusa magunia, akainua pua, akaketi, ishara yake kwamba amekipata. Mwenzangu akamrushia mpira, naye akaudaka na kumpelekea yeye, akitikisa mkia.

"Maman, ulimufundisha muzuri sana," mwenzangu aliniambia. "Kuya umushike kidogo."

"Hapana," nilimjibu. "Iko ku kazi."

Nikapanda ngazi kukitoa kikopo, nikakawia huko juu, nimewapa mgongo mpaka walipotoka.