Kumwangukia Maalim

Nilitoka Garissa asubuhi kwa sababu moja. Maalim Abdi, aliyenifundisha aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami, alikuwa amepigwa na kiharusi kwao Habaswein, na kuna jambo hakuwahi kunimalizia. Miaka yote alinigombeza kwamba nakaza mabega. Nguvu ya ndani, alisema, ni kulegeza bega, uzito ushuke tumboni hadi miguuni, na anayekushika ajikute hana pa kusimama. Kwake niliiona. Kwangu haikuja, na niliogopa ataondoka nayo.

Kuanzia Modogashe basi lilijikokota mchangani. Kwenye vizuizi vya polisi tulishuka na vitambulisho mkononi. Mizoga ya mbuzi waliokufa kwa ukame ilikuwa kando ya barabara.

Habaswein nilifika baada ya alasiri. Habiba, mkewe, alinipa chai ya maziwa ya ngamia, kisha akaniita kando.

"Walaal, ndugu yangu, atakuambia umshike mkono. Ukishika, anguka tu. Sisi wote tunaanguka. Hiyo ndiyo inafanya yeye anakula."

Nilishtuka. Hakuna kitu Maalim alikichukia kama mwanafunzi anayeanguka kwa heshima.

Chumbani alikuwa ameegemea mito. Hakuuliza habari za safari. Alininyoshea mkono wake mzima, nikaushika, nikangoja ile hali ya zamani ya ardhi kunikimbia. Nilihisi mfupa na ngozi yenye joto, basi. Alikunja uso akajaribu tena, jasho likimtoka. Habiba alikuwa mlangoni, macho yote kwangu. Nikaanguka mkekani, vizuri kabisa, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Maalim aligeuza kichwa kunitazama pale mkekani.

"Hata wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja wewe. Nilisema huyu ndiyo ataniambia ukweli."

Akaurudisha mkono chini ya shuka. Chakula cha usiku kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Kesho yake nilishika njia ya Garissa bila kumuuliza nililolifuata. Nililia garini, na sikuona haya.

Jioni niliingia ukumbini ninapofundishia aikido. Mwanafunzi wangu mkubwa alinishika mkono, nikalegeza bega, akaanguka, akainuka na kuniinamia. Nikamwambia anishike tena, na safari hii asianguke mpaka nimwangushe.

Akashika. Nikalegeza bega, lakini hakuyumba. Tukabaki tumesimama vile vile, yeye akitazama chini.